Sauti yangu inazunguka kwa watu, na sijui tena nilichokiona

Shikamoo Shangazi.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala. Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Miezi saba iliyopita mtu mwenye jina kubwa aliuawa nyumbani kwake, na nyumba yake ni ya pili kutoka kwetu. Walioshtakiwa ni wawili, mjane wake na dereva wao. Kesi inaanza kusikilizwa wiki tatu zijazo, na mimi ni shahidi.

Usiku ule, kama saa tatu na nusu, nilikuwa uani naanua nguo. Nikasikia lango la kwao linafunguliwa. Nikachungulia juu ya ukuta, nikaona gari lao linatoka, likasimama, mwanamume mwenye shati jeupe akashuka kufunga lango, akarudi ndani ya gari wakaondoka. Nikabeba nguo zangu nikaingia ndani. Alfajiri ndipo tuliposikia mayowe.

Asubuhi hiyo nikatuma ujumbe mfupi wa sauti kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, tuko marafiki 14. Nilisema tu kwamba jana usiku niliona gari lao likitoka. Basi maswali yakaanza, siku nzima simu haikutulia. Kufikia jioni dereva alikuwa ameshakamatwa, picha yake iko kila mahali, na watu wanaandika kwamba alionekana na mfuko. Mwenzetu mmoja akaniuliza, "Ule mfuko aliobeba ulikuwa mkubwa?" Usiku huo nikatuma ujumbe wa pili, wa dakika nne. Humo nasema nilimwona dereva, ameshika mfuko mweusi, na shati lake lina doa kifuani. Shangazi, naapa nilipokuwa nazungumza niliyaona yote mbele yangu. Sikuwa nadanganya.

Ule ujumbe ukatoka nje ya kikundi, sijui nani aliutoa. Baada ya siku mbili ulikuwa umefika kwa watu nisiowajua. Kuna waliouwekea picha ya dereva na mishale. Nikitoa salamu mahali, mtu anageuka: "Wewe si yule wa ile sauti?" Nitakuambia ukweli, mwanzoni nilifurahi. Nilijiona mtu wa maana.

Siku ya tatu wapelelezi wakaja. Niliwaeleza kama nilivyosema kwenye ujumbe wa pili, nikatia sahihi.

Na huyo mjane, sisi tulishamhukumu kwa sababu mazishini hakulia. Ipo video, watu wanairudisha nyuma wanahesabu amefuta jicho mara ngapi. Hata mimi nilihesabu.

Wiki mbili zilizopita mama yake huyo muuaji alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kwa shari. Alikaa kwenye ngazi, hakutaka kuingia, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, uso wake uliuona?" Nikakosa jibu. Tangu siku ile kila nikijaribu kuukumbuka uso, inanijia ile picha yake aliyopigwa siku ya kukamatwa. Na doa halikai mahali pamoja, mara liko kifuani, mara liko kwenye mkono wa shati.

Kaka yangu anasema nifute kila kitu nibadilishe namba. Rafiki yangu wa karibu anasema nishikilie hapohapo, nikibadili maneno sasa watasema nimehongwa. Mume wangu hataki hata kusikia habari hii. Nikisema ukweli, si nitafungwa kwa kudanganya polisi? Nifanyeje?

Shahidi Asiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika kwa yule mama kwenye ngazi nasimama. Umeandika "mama yake huyo muuaji", kisha hapohapo unaniambia hujui kama uliuona uso wa mwanawe. Sikugombezi. Neno hilo limekaa vinywani mwa watu miezi saba, lingekukosaje wewe? Lakini mtu anayechunguzwa ni mtuhumiwa, akisomewa shtaka anakuwa mshtakiwa, na muuaji ni jina linalosubiri hukumu. Hukumu yenyewe haijatolewa, na wewe ni mmoja wa watu watakaoitegemeza.

Sasa chukua karatasi, tuanue nguo zako moja moja.

Ulisikia lango. Uliona gari, na ukalitambua kuwa ni lao. Uliona mwanamume mwenye shati jeupe akifunga lango. Nimetafuta katika maelezo yako ya usiku ule neno "dereva", halimo. Limeingia baadaye, na naelewa lilivyoingia: gari ni lao, lango hufungwa na dereva siku zote, kwa hiyo aliyelifunga ni dereva. Huenda ni kweli. Ila hilo ni hesabu ya kichwa chako, macho hayakuifanya. Kisha angalia mfuko. Mfuko haukuwepo mpaka watu walipouandika na mwenzio akakuuliza kama "ule mfuko" ulikuwa mkubwa. Hakukuuliza kama palikuwa na mfuko. Alikukabidhi mfuko akakuachia kazi ya kuupima ukubwa. Na doa umelileta siku ambayo kila mtu alikuwa anazungumza damu.

Unasema hukudanganya, nami nakuamini, kwa sababu jambo hili limepimwa. Mwaka 1974 watafiti wawili Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya magari yanayogongana. Kundi moja liliulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana", kundi jingine likaulizwa kasi yake "yalipopondana", na la tatu halikuulizwa habari ya kasi. Baada ya wiki moja wote wakaulizwa: mliona vioo vilivyovunjika? Katika filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kupondana, 16 walisema waliviona. Walioulizwa kwa neno jepesi walikuwa 7 kati ya 50. Neno moja, mwanangu, tena kutoka kwa mtu asiye na nia mbaya. Wewe ulipewa mamia ya maneno kwa siku moja, na picha juu yake.

Na usijipime kwa uhakika wako. Hapo ndipo watu wazuri huangukia. Mwaka 1984, katika jimbo la North Carolina, mwanamke aliyebakwa alijitahidi kuukariri uso wa mtu yule ili aje amtambue. Alimchagua Ronald Cotton katika picha, akamchagua tena kwenye gwaride la utambulisho, akamwonyesha kidole mahakamani bila kusita. Miaka michache baadaye mbakaji halisi aliletwa mbele yake mahakamani, akasema hajawahi kumwona. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10, mpaka kipimo cha DNA kilipomtoa mwaka 1995. Yule mwanamke hakuwa mwongo wala mzembe. Kila alipomtazama Cotton, sura ya Cotton ilizidi kukaa mahali pa ile ya kwanza. Wewe umeitazama picha ya dereva mara ngapi katika miezi saba?

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni hili: nenda ukaseme. Lakini kuna namna ya kwenda.

Kwanza mtafute wakili wako mwenyewe, hata kwa mazungumzo ya saa moja. Kama huna uwezo, uliza msaada wa kisheria. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, pamoja na ile furaha ya kuonekana mtu wa maana, usiifiche hiyo. Kisha, pamoja naye au kwa ushauri wake, nenda kwa wapelelezi au kwa mwendesha mashtaka uombe kuandikisha maelezo ya nyongeza. Humo useme yapi uliyaona kwa macho, yapi ulikisia, na yapi yalikuja baada ya kusoma na kuulizwa. Usiseme "halikuwepo doa" kama hujui. Kusema hapana kwa kukisia ni kosa lilelile limegeuzwa. Sema: sina hakika tena kwamba niliona doa, na sikuwahi kulitaja kabla ya ule ujumbe wangu wa pili.

Kuhusu kufungwa, sheria zinatofautiana nchi na nchi, ndiyo maana nimemtanguliza wakili. Jambo moja ni la kila mahali: kukosea kwa nia njema hakulingani na kusema uongo kwa kujua. Ulipotia sahihi uliamini unachosema. Ila sasa unajua kuna mashaka. Ukipanda kizimbani ukala kiapo, ukalirudia lile doa kama vile hujawahi kulitilia shaka, hapo umeshavuka mstari. Wakati huo sitakuwa na la kukutetea.

Sitakudanganya kwamba utapokelewa kwa tabasamu. Upande wa mashtaka umeijenga kesi na wewe ni tofali mojawapo. Anaweza kutokea mtu akukunjie uso, aulize nani amekufuata. Mjibu. Mwambie na habari ya mama wa dereva, alisema nini, ulijibu nini, siku gani. Usisubiri igunduliwe na mwingine, maana ikifichwa ndiyo itakayofanana na hongo. Na usikimbilie kwa mawakili wa utetezi kujisafisha. Katika mahakama nyingi upande wa mashtaka unapaswa kuwapa watetezi mambo yanayoweza kumsaidia mshtakiwa. Maelezo yako yatafika yanakotakiwa kufika kwa njia yake.

Nikamrudie kaka yako. Anakupenda, lakini ushauri wake ni wa kukuingiza shimoni. Usifute chochote. Kwanza ujumbe umeshasambaa, utafuta wa kwako peke yako. Pili, shahidi anayefuta mambo wiki tatu kabla ya kesi anaweza kuonekana anaharibu ushahidi, na hilo linaweza kuwa kosa lenyewe.

Tena kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nami nililipigia mstari mara ya kwanza niliposoma. Ule ujumbe wa kwanza! Wa asubuhi, mfupi, kabla dereva hajakamatwa, kabla ya picha yake, kabla ya mfuko. Huo ndio kumbukumbu yako ikiwa bado haijashikwashikwa na watu, tena una tarehe na saa. Rafiki yako anasema ukibadili maneno utaonekana umehongwa. Lakini hubadili kitu kipya, unarudi kwenye maneno yako ya kwanza, na simu inaonyesha uliyasema wakati hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kukuhonga. Wakili wa utetezi akiupata mwenyewe, atausikilizisha mahakama nzima halafu akupe maswali ya dodoso: "Mama, mfuko ulikuwa wapi asubuhi?" Ni afadhali uupeleke wewe leo kuliko kuusikia siku ile umesimama na jasho.

Sasa mjane. Umempitia haraka kwenye barua, kama mtu anayepita karibu na deni. Mimi nataka tukae hapo kidogo.

Tarehe 17 Agosti 1980, katika kambi ya watalii karibu na mwamba wa Uluru huko Australia, mtoto mchanga wa wiki tisa, Azaria Chamberlain, alitoweka kwenye hema. Mama yake, Lindy, alipiga kelele kwamba dingo, mbwa mwitu wa kule, amemchukua mtoto. Watu wengi hawakuamini. Kwa nini? Walimtazama kwenye televisheni wakaona amekauka. Halii vya kutosha, nguo zake nadhifu mno, anaeleza mambo ya kutisha kwa sauti ya kawaida. Ukazuka uvumi kwamba jina la mtoto lina maana ya kafara nyikani, jambo ambalo ni uzushi mtupu. Dhehebu lao la Waadventista likasemwa ovyo na watu wasiolijua. Kisha wakaja wataalamu, wakasema ndani ya gari lao kuna damu ya mtoto mchanga. Mwaka 1982 akahukumiwa kifungo cha maisha, akiwa mjamzito.

Mwaka 1986 koti dogo la mtoto, lile ambalo Lindy alikuwa amesisitiza kwamba mtoto alilivaa usiku ule, lilipatikana karibu na mapango ya dingo. Akaachiwa. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba kile kilichoitwa "damu" chini ya dashibodi kilikuwa dawa ya kiwandani inayopuliziwa kwenye magari ili kupunguza kelele. Hukumu ikafutwa mwaka 1988. Mwaka 2012, miaka 32 baada ya kifo, mchunguzi wa vifo akaandika rasmi kwamba dingo ndiye aliyemuua Azaria.

Doa ambalo si damu, na mwanamke ambaye hakulia. Umeona kwa nini nimekuletea hiyo? Sisemi huyu mjane hana hatia. Sijui, na wewe hujui. Nasema kuhesabu machozi hakujawahi kumtambua muuaji. Wapo wanaolia wakizimia kumbe ndio wenyewe, na wapo waliokauka kwa sababu machozi yaliisha usiku wa kwanza, au wamepewa dawa ya kuwatuliza, au wanajua kamera iko wapi. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa mbele ya televisheni nikasema kuhusu mjane mwingine, "Mbona macho makavu?" Nilikuwa natafuna kitu, mwanangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa jaji.

Kile kikundi, sasa. Utashawishika kutuma ujumbe wa tatu wa kusahihisha ule wa pili. Usitume kwanza. Najua inauma, maana uongo usiokusudiwa unatembea na wewe ndiye uliyeuzaa. Lakini ushahidi wako ukianza kujadiliwa upya hadharani wiki tatu kabla ya kesi, utakatwa vipande na kuwekewa mishale mingine, safari hii kumsaidia au kumzamisha nani, hutajua. Halafu kuna sheria. Mwaka 2011 magazeti mawili Uingereza yalitozwa faini kwa kudharau mahakama, kwa waliyoandika juu ya Christopher Jefferies, mwalimu mstaafu aliyekuwa amekamatwa katika uchunguzi wa mauaji ya mpangaji wake huko Bristol. Walimchambua nywele, tabia, mpaka namna alivyofundisha. Aliachiwa bila kushtakiwa, mtu mwingine akatiwa hatiani, na magazeti manane yakamlipa fidia. Hao walikuwa na mawakili kwenye jengo lao. Wewe una simu tu.

Wakili akikubali, andika sentensi mbili kwenye kikundi: naomba ujumbe wangu wa sauti usitumwe tena kwa mtu yeyote, na mimi sitaizungumzia kesi hii mpaka iishe. Usieleze sababu. Watakaokuuliza, nyamaza. Picha na video za kesi usizitazame tena hata moja, maana kila moja inachukua nafasi ya kitu fulani ulichokiona kweli usiku ule. Mumeo usimlazimishe azungumze, lakini mwambie siku unayokwenda, asije akalisikia nje.

Amebaki yule mama. Akirudi, mkaribishe akae, mpe heshima yake kama mzazi. Habari ya uliyoyaona usimweleze, hata neno moja la kumtia moyo, hata kama moyo unakusukuma. Mwambie: "Mama, siruhusiwi kuzungumza nawe juu ya usiku ule. Nimekwenda kuyaeleza yanakotakiwa." Hakikisha siku hiyo utakayomwambia hivyo, umeshakwenda.

Shangazi